Kwenda Kisite kwa boti bila kuumiza mwamba

Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti iko kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, mkabala na Shimoni, ukishakipita kisiwa cha Wasini. Hifadhi ya Kisite ina eneo la kilomita 28 za mraba na humo hakuvuliwi kitu. Mpunguti, iliyo kando yake, ina kilomita 11 za mraba, na wavuvi wa zana za kienyeji huruhusiwa. Zote mbili zimekuwa chini ya ulinzi tangu miaka ya 1970, na msimamizi wake ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mwongozo huu ni wa anayesafiri kwa fedha zake mwenyewe: familia ya Nairobi au Mombasa, wanachama wa kikundi, walimu na wanafunzi wao, hata jamaa aliyekuja likizo kutoka Muscat. Mwamba wa matumbawe ukivunjika, lawama hutupiwa nahodha. Lakini nahodha hufanya kile anachodhani mteja anakitaka. Mteja akitaka pomboo wafukuzwe, watafukuzwa. Akitaka kusimama juu ya tumbawe apigwe picha, atashikwa mkono asimame. Kwa hiyo mengi huamuliwa kabla nanga haijang'olewa, na mwenye kuamua ni wewe unayelipa.

1. Tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda ya likizo

Msimu kwanza. Kuanzia Oktoba hadi Machi maji ya Kisite huwa safi na bahari huwa tulivu zaidi, hasa asubuhi. Masika ya Aprili na Mei huleta tope la mito ya Ramisi na Umba, na kusi, ule upepo wa kusini, likishika mwezi wa Juni na Julai mawimbi huwa makubwa. Hata ukifika utaona ukungu mtupu chini ya maji. Kuna watakaokuambia kila siku ni siku nzuri. Hao wana siti za kujaza.

Ndani ya msimu mzuri sasa chagua maji. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, na nahodha hawezi kuwasaidia kwa sababu wamekwisha kulipia hoteli. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvu: bahari hujaa sana na kutoka sana, tofauti ya mita 3 na zaidi. Katika pwani yetu bamvu lina tabia moja ya kukumbuka. Maji hutoka kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Yaani saa ile boti za watalii zinapofika mwambani, maji yamepungua, matumbawe yako karibu na tumbo lako, na mkondo una nguvu kila maji yanapoanza kurudi. Mtu asiye mzoefu akiingia hapo, mapezi yake ya miguuni yatagonga mwamba hata akiwa na nia njema namna gani.

Maji mafu ni kinyume chake. Yakija, tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo, mkondo hupoa, na kujaa kwenyewe huangukia katikati ya asubuhi. Anayefuata mwezi wa Kiislamu ana kazi rahisi: tafuta siku za kuanzia mwezi 7 hadi 10, au 22 hadi 25. Asiyeufuata na atazame angani. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu au yanakaribia. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50, kwa hiyo ukijua ya leo unaweza kukisia ya kesho kutwa. Jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini lipo mtandaoni, na linafaa kwa Shimoni pia.

Kama likizo yako imeangukia kwenye bamvu na huwezi kuihamisha, muombe nahodha mtoke baadaye ili mwingie majini maji yakiwa karibu kujaa. Atashangaa kidogo, kisha atakuheshimu.

2. Tafuta chombo, na uliza kabla ya kutoa pesa

Unaweza kununua safari nzima ufukweni Diani. Ni rahisi, ila pesa hupita mikono mingi, na anayekushawishi ufukweni mara nyingi si mwenye chombo. Mimi naona ni heri kufika Shimoni mwenyewe. Ukitoka Mombasa, vuka Likoni, panda gari la Lunga Lunga, shuka Kanana, kisha ingia kushoto kwa gari dogo au bodaboda hadi gatini. Hapo utawakuta wenye boti wa Shimoni na wa Wasini, wengi wao wakiwa wamejiunga katika vyama vyao. Kama una kundi, pata namba ya simu mapema na uzungumze na nahodha mwenyewe, si dalali.

Zungumza kama mtu mwenye adabu, ila sema unachotaka kwa uwazi. Kwa mfano:

"Shikamoo nahodha. Tuko watu wanane, wawili hawajui kuogelea. Tunataka mwamba zaidi kuliko pomboo. Chombo chako hufungwa kwenye boya au hutia nanga? Kina ngazi ya kushukia? Na nani ataingia majini pamoja nasi?"

Sikiliza anavyojibu. Ndani ya hifadhi KWS imeweka maboya ya kufungia vyombo ili nanga zisitupwe juu ya matumbawe. Nanga moja ikiburutwa na mkondo huacha mfereji wa vifusi ambao hautapona mwaka huu wala ujao. Nahodha mzuri atakwambia bila kusita, "Tunafunga boyani, na likiwa na mtu tunasubiri." Yule anayesema "usijali, tutaona huko huko" mshukuru, umuage.

Swali la ngazi si la anasa. Chombo kisicho na ngazi humlazimu mtu mzima ajirushe kwa kishindo, na wakati wa kurudi atafute mahali pa kukanyaga ili ajinyanyue. Atakanyaga nini tena pale?

Ukifika gatini, tazama kwa macho yako kabla ya kupanda. Majaketi ya kujiokolea yawe ya kutosha kila mtu, ya watoto yawe ya watoto, na vifungo vyake vishike. Tazama ngama, yale maji yaliyotuama chini ya sakafu ya chombo: yakiwa na utando wa rangi za upinde wa mvua, kuna mafuta yanayovuja, na kila baharia anapofua ngama njiani, yaani anapoyakomba maji hayo, mafuta huenda baharini. Uliza cheti cha chombo. Vyombo vya abiria hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Na ukikuta bei iliyo chini mno kuliko ya wenzake, hesabu vichwa: mara nyingi unafuu huo umepatikana kwa kujaza watu.

3. Kiingilio

Hulipwa kwa KWS kupitia eCitizen, si kwa nahodha. Mwananchi, mkazi na mgeni wana viwango tofauti, kwa hiyo chukua kitambulisho au pasipoti. Ukiambiwa kiingilio kimo ndani ya bei, omba uone risiti.

4. Mkoba

Mafuta ya kuzuia jua ndiyo yenye utata. Mengi yana oksibenzoni na oktinoksati, kemikali ambazo majaribio ya maabara yameonyesha hudhuru matumbawe, hasa yakiwa bado machanga. Palau ilipiga marufuku mafuta ya namna hiyo kuanzia 2020, na jimbo la Hawaii likazuia kuuza yenye kemikali hizo mbili kuanzia 2021. Ukinunua, soma nyuma ya chupa utafute yaliyotengenezwa kwa zinki. Lakini dawa bora ya jua ni nguo. Vaa fulana ya mikono mirefu inayobana, suruali ya kuogelea, na kitambaa kichwani. Wanawake wa pwani wanaoingia majini na nguo zao za kusitiri wana hekima ambayo maduka ya hotelini yanaiuza sasa kwa bei ghali.

Maji ya kunywa yatie kwenye chupa ya kudumu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini Kenya, na askari wa hifadhi akizikuta mkononi mwako hapatakuwa na mjadala.

Ongeza dawa ya kichefuchefu au tangawizi, na umeze kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Glovu usichukue. Mwenye glovu hujiona ana ruhusa ya kushika. Mkate wa kulishia samaki pia uache nyumbani: samaki waliozoea mkate hukusanyika chini ya boti wakigombania makombo na kuacha kazi yao ya kula mwani unaoyasonga matumbawe.

Na nenda msalani Shimoni.

5. Dakika ishirini za mazoezi

Msiharakishwe. Kabla ya kutoka, au mkiwa penye maji ya kiuno na mchanga chini, kila mtu ajaribu miwani yake. Ibandike usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe inakufaa, ikianguka omba nyingine. Nywele zisiingie ndani ya mpira, na ndevu za juu ya mdomo zipakwe mafuta kidogo ya mgando. Kisha weka mrija mdomoni, tumbukiza uso, upumue polepole mpaka moyo utulie. Miwani inayoingiza maji ndiyo chanzo cha uharibifu mwingi mwambani, kwa sababu mtu akiingiwa na maji machoni hutafuta pa kusimama.

Wasiojua kuogelea wasibaki botini kwa aibu. Wavae jaketi, washike boya la duara, na mtembezaji awavute taratibu. Nasema hivi nikiwa na hakika: asiyejua kuogelea aliyevaa jaketi ni salama zaidi kwa mwamba kuliko mwogeleaji hodari aliyechoka. Jaketi humweka juu, hawezi kuzama hadi kwenye matumbawe hata akitaka. Anayejua kuogelea naye akivaa, hakuna atakayemcheka. Na mkondo wa Kisite haujali medali za shule.

6. Pomboo

Mkitoka kwenye mkondo wa Wasini kuelekea visiwa vya Mpunguti, kuna uwezekano mkubwa wa kuwaona. Nahodha mmoja akiwaona huwapigia wenzake, na baada ya muda mfupi boti tano zimewazunguka. Hapo ndipo maneno yako ya gatini yanapopimwa. Mkumbushe nahodha apunguze mashine, akae kando kwa umbali wa mita 50 hivi, aende sambamba nao wala asiwakate njia. Mama na mtoto wasitenganishwe. Boti zikiwa tayari mbili au tatu, nyinyi endeleeni na safari. Msirukie majini.

Pomboo anayepumzika huogelea polepole, kundi likiwa limebanana, likiibuka na kuzama kwa mpango. Ukiona wanaanza kugeukageuka na kukaa chini muda mrefu, wamechoshwa. Kama wanataka kucheza watakuja wenyewe kwenye omo, sehemu ya mbele ya chombo, na hakuna picha nzuri kuliko hiyo.

7. Mwambani

Chombo kimeshafungwa boyani. Shuka kwa ngazi, mgongo ukielekea majini, mapezi ukiyavaa ukiwa umekaa au ukiwa tayari majini. Lala kifudifudi juu ya maji, mikono ikiwa imekunjwa kifuani au imelala kando ya mwili. Piga miguu kutoka nyongani, pole, mapezi yakibaki karibu na uso wa maji. Ukipiga kama mtu anayeendesha baiskeli, mapezi yatashuka na kuvunja kitu nyuma yako ambacho hukukiona. Penye kina kisichofika urefu wako, usiingie; zunguka.

Ukichoka, au maji yakiingia kwenye miwani, geuka ulale chali. Hilo tu. Chali unaweza kuvua miwani, kukohoa, kupumzika na kuita, bila mguu kugusa kitu.

Sasa tulia mahali pamoja badala ya kukimbia huku na huko. Mwamba humfungukia anayesubiri. Kitu cha kwanza utakachosikia ni mkwaruzo, kru, kru, kama mtu anatafuna biskuti kavu sikioni mwako: ni pono anang'ata mwamba. Tazama mdomo wake, meno yameungana yakawa mdomo wa kasuku. Anakula mwani na kumeza chokaa pamoja nao, kisha hutoa chokaa ile ikiwa mchanga. Sehemu ya ule mchanga mweupe wa Kisite unaopigiwa picha imepita tumboni mwa pono.

Sogeza macho karibu na tumbawe moja, bila kusogeza mkono. Lile linaloonekana jiwe limefunikwa na vinyama vidogo vilivyoshikana, kila kimoja na mdomo wake, na ndani ya nyama yao wanaishi vimwani ambavyo ndivyo vinavyowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Utando wake ni mwembamba sana. Kidole kikipita huuchubua, na kidonda hicho ni mlango wa maradhi. Matumbawe ya matawi hukua sentimita kadhaa kwa mwaka, mengine hata 10. Yale ya mviringo kama majabali huongeza kama sentimita 1. Ukiliona lenye kimo cha mita 1, fahamu kwamba huenda lilianza kabla ya bibi yako kuzaliwa.

Mtafute pia kikande. Ndiye anayewala wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi, ambao wakizidi huukwangua mwamba hadi ukawa magofu. Nje ya hifadhi, penye uvuvi mwingi, vikande wameisha na miiba imejaa. Tofauti hiyo utaiona kwa macho ukifananisha Kisite na mwamba wowote usiolindwa. Ndiyo sababu mlinzi wa hifadhi hucheka na mengi ila si na ndoano.

Kasa akipita, mwache apite. Anapanda juu kupumua. Ukimzuia unamnyima pumzi. Kamera ya kwenye fimbo ndefu iache botini, maana mwenye fimbo huigeuza mkongojo.

Dakika 40 zinatosha kwa mara ya kwanza. Baridi huingia mwilini kabla hujaihisi, na mwili uliopoa hukanyaga ovyo.

8. Kisiwani na Wasini

Maji yakipwa, kisiwa kidogo cha Kisite huzungukwa na mwamba uliokauka nusu. Usitembee juu yake kutafuta picha. Vilivyomo kwenye vidimbwi viko hai. Dondo, kauri na viti vya pweza vibaki pale pale, hata vilivyokufa, kwani kaa hufanya makombe kuwa nyumba. Ndege wa baharini hupumzika na kutaga hapo, basi wapeni nafasi.

Chakula cha mchana kwa kawaida huwa Wasini: wali wa nazi, samaki, kaa. Uliza ni samaki gani kabla ya kuagiza. Changu au tasi ni sawa. Pono, kwa niliyoyaeleza juu, mimi simli safari hii. Kamba wa mawe akiwa mdogo au ana mayai chini ya mkia, mkatae kwa upole na useme sababu. Mpishi atamwambia mvuvi.

Wasini ni kijiji cha Waislamu kisicho na gari hata moja. Jifunge leso kabla ya kupita kijijini, toa salamu, usipige watu picha bila idhini. Kisha nenda kwenye bustani ya matumbawe ya kale, majabali yaliyoachwa nje na bahari, ambako kikundi cha wanawake kimejenga njia ya mbao juu ya mikoko na kukusanya kiingilio kidogo. Kijiji kilichozuiwa kuvua Kisite kinahitaji kuona shilingi ya Kisite. Nunua hapo, usinunue makombe gatini.

9. Ukiona weupe

Kuna siku utakuta matumbawe meupe pe, na mtu atasema, "Tazama yanavyopendeza!" Hayo yamepauka. Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, matumbawe huvitapika vile vimwani na kubaki kama mfupa. Bado yako hai, na joto likishuka mapema yanaweza kupona. Likikaa, hufa na kufunikwa na mwani. Mwaka 1998 ulikuwa mbaya kuliko yote katika bahari yetu, 2016 ikafuata, na 2024 tena joto lilizunguka dunia nzima.

Kwa hiyo kati ya Machi na Mei, wakati maji yana joto kuliko miezi mingine, piga picha ya unachokiona, andika tarehe na mahali, kisha upeleke kwa askari wa KWS Shimoni au kwa CORDIO ya Mombasa, shirika la utafiti wa matumbawe lililoanza 1999 kwa ajili ya mkasa ule wa 1998. Siku ya kupauka ongeza umbali wako maradufu, maana tumbawe lililodhoofika halina akiba ya kuponya mchubuko.

10. Bahasha ya nahodha

Bakshishi itoe mwisho, mkononi mwake, na mwambie inahusu nini. "Hii ni kwa sababu uliwaacha pomboo waende." Sema hivyo mbele ya mabaharia wake. Ukimpa kimya kimya, atadhani umefurahia kasi ya mashine. Na ukiandika maoni mtandaoni, taja boya, ngazi na subira yake, ili anayekuja nyuma yako ajue cha kuuliza.

Bahari ikikataa asubuhi hiyo, usimlazimishe kutoka. Mapango ya watumwa yako pale Shimoni, hatua chache kutoka gatini, na Wasini huvukwa kwa muda mfupi hata siku ya upepo. Panga gari la kurudi Kanana mapema, maana jioni magari hupungua.